LibreHardwareMonitor, na mashine iliyoambiwa "haina ramu ya kutosha"

Nianze na hukumu kabisa, maana wengi mtasoma hapa juu tu. LibreHardwareMonitor ni programu ya bure, ndogo, inayosoma joto, kasi na hali ya vifaa vilivyo ndani ya kompyuta; sura yake haivutii, na ndiyo ya kwanza kuiweka kwenye mashine yoyote ya Windows inayoingia mikononi mwangu. Ina kasoro na nitazitaja zote ninazozijua. Lakini kwa mtu anayeiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha peke yake, sijapata nyingine nyepesi kiasi hiki inayojibu maswali yangu.

Mimi nahariri video. Harusi, send-off, kipaimara, komunyo, mara mojamoja msiba. Chumba changu kiko ghorofani, upande wa Mbuyuni hapa Moshi, na chini yangu kuna mashine ya kusaga. Hilo la mashine ya kusaga liwekeni akilini. Anayeijua Kilimanjaro anajua Desemba inavyokuwa: Wachaga wamerudi nyumbani, kuna sherehe Marangu, Machame, Kibosho, Rombo, na kila mwenye sherehe anataka video yake mkononi kabla hajapanda basi la kurudi Dar. Mchana nakata, usiku narenda (kompyuta inaunganisha vipande kuwa video kamili), asubuhi nagawa flashi. Kompyuta haipumziki, na Desemba ya Moshi si Julai. Joto la chumbani lenyewe linatosha kuivisha ndizi.

Kompyuta yenyewe ni yale masanduku mazito yaliyotumika yanayokuja kutoka Dubai. Prosesa ni Xeon E5-1650, ya mwaka 2012, viini sita (vitengo vya kazi ndani yake), kasi ya kawaida gigahezi 3.2, imekadiriwa wati 130. Kwa umri wake bado ina nguvu, ila wati 130 ni joto, na joto hilo lazima litoke kwenye sanduku.

Basi ikaanza uvivu. Haikuzima wala kuganda. Haikuandika kosa lolote kwenye kioo. Ilichelewa tu. Video niliyozoea kuikuta tayari nikitoka kula, naikuta haijafika hata nusu. Nikamwita fundi mmoja wa mjini. Akaangalia, akafungua Task Manager, akatingisha kichwa. "Dada, hapa ni ramu. Video za siku hizi nzito, ongeza kumi na sita nyingine." Bei alikuwa nayo tayari kichwani. Nilimwambia nitamtafuta, nikaenda kupakua hii programu.

Kwanza niseme kwa nini Task Manager haikutosha. Inaonyesha prosesa inatumika asilimia ngapi, ramu imejaa kiasi gani, diski inahangaika au la. Tangu mwaka 2020 inaonyesha hata joto la kadi ya grafiksi kama ni ya kujitegemea. Joto la prosesa haionyeshi. Kwa hiyo prosesa ikiwa na shughuli na prosesa ikiwa inaungua, kwenye Task Manager hakuna namba ya joto ya kuzitofautisha, na fundi anakuwa huru kusema lolote.

LibreHardwareMonitor haihitaji kusakinishwa. Unapakua faili la zipu la megabaiti chache, unalifungua, unabofya programu, Windows inakuuliza kama unairuhusu iwe na mamlaka ya msimamizi, unakubali. Bila mamlaka hayo vihisi vingi (vipimo vidogo vilivyo ndani ya vifaa) havisomeki. Kinachotokea ni dirisha moja lenye orodha kama mti: ubao mama, prosesa, ramu, kadi ya grafiksi, diski, mtandao. Ukifungua tawi la prosesa unakuta volti, kasi ya kila kiini, joto la kila kiini, mzigo, wati zinazotumika. Mbele ya kila kihisi kuna namba tatu: ya sasa, ya chini kabisa tangu ulipoiwasha, na ya juu kabisa.

Namba ya sasa siitazami sana. Programu nyingi zinaonyesha namba ya sasa, zinaipamba na mishale ya gari la mbio, na wewe unakaa hapo unaikodolea macho wakati kazi hazifanyiki. Kwangu thamani iko kwenye safu ya juu kabisa. Nalala, naamka, nasoma usiku ulivyokwenda.

Asubuhi ya kwanza ramu ilikuwa imepanda ikafika asilimia 61 na haikuzidi hapo. Gigabaiti zangu zilikuwa zinanisubiri mimi. Kwenye prosesa kuna mstari ninaoupenda kuliko joto lenyewe: unaonyesha zimebaki digrii ngapi kabla ya kikomo alichoweka mtengenezaji. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kukariri kikomo cha prosesa gani ni kipi, maana hutofautiana. Unaangalia tu kilichobaki. Kwenye safu ya chini kabisa, viini vinne kati ya sita vilikuwa vimeandikwa 0.

Hapo ndipo ule uvivu unaeleweka. Prosesa za kisasa hazikubali kuungua kirahisi. Ikigusa kikomo inapunguza kasi yenyewe ili ipoe, ikipoa inapandisha, ikigusa tena inashusha. Haikutumii ujumbe. Wewe unachoona ni kazi kuchelewa.

Ila angalieni mtego mmoja. Safu ya chini kabisa ya kasi ya prosesa ilionyesha megahezi 1,200, na mtu mwenye haraka angesema huo ndio ushahidi. Siyo. Prosesa hii hata ikiwa haina kazi, unakunywa chai tu, inashuka hapo ili isile umeme. Ushahidi ni kuona kasi imeshuka wakati mzigo uko asilimia 100. Kwa hilo inabidi uiambie programu iwe inaandika namba zake kwenye faili.

Kwenye menyu ya machaguo unaiambia iandike vihisi vyote kwenye faili na unachagua iandike kila baada ya muda gani. Mimi naweka sekunde kumi. Inatengeneza faili la CSV lenye tarehe kwenye jina, unalifungua kwa Excel. Faili ni baya. Mstari wa kwanza una anwani za ajabu zenye mikwaju, majina ya kueleweka yako mstari wa pili, na safu ni nyingi kiasi kwamba unasogea kulia mpaka unasahau ulianzia wapi. Nilifuta zote nikabakiza tatu: saa, mzigo, kasi. Kuanzia saa saba na nusu usiku mzigo ni 100, 100, 100 mpaka chini, na pembeni yake kasi inateremka: 3,200, 2,600, 1,900, 1,200, inapanda kidogo, inarudi 1,200. Nikampigia picha kioo, nikamtumia fundi. Alijibu "sawa dada", hajaongelea ramu tena.

Nikafungua sanduku. Kati ya feni na mapezi ya kipozeo (kile chuma kinachopoza prosesa) kulikuwa na tabaka nene kama blanketi la mtoto: vumbi la Mbuyuni na unga wa mahindi kutoka kwa jirani yangu wa chini, vimeshikana na unyevu mpaka vimekuwa kitu kimoja. Nililivuta kwa vidole viwili likatoka zima, lina alama za mapezi upande mmoja. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, inasukuma hewa kwenye ukuta. Ile pesti kati ya prosesa na kipozeo nayo ilishakauka, inabanduka kwa ukucha. Nikafuta kwa spiriti, nikapaka mpya, nikarudisha. Usiku uliofuata kiini kilichochemka kuliko vyote kilibakiza digrii 22 kabla ya kikomo, na kasi haikuteremka chini ya 3.2 hata mara moja. Gharama ilikuwa kijibomba kimoja cha pesti.

Kitu cha pili ninachokitumia sana ni kuiona mashine kwenye simu. Ndani ya programu kuna seva ndogo ya wavuti. Ukiiwasha, inasikiliza kwenye mlango namba 8085 usipoubadilisha. Kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo unaandika anwani ya kompyuta, nukta pacha, 8085, na ule mti wote wa vihisi unatokea kwenye kivinjari. Mara ya kwanza ukuta wa moto wa Windows (kinga yake ya mtandao) utauliza, uruhusu kwa mtandao wa nyumbani tu. Wi-Fi yangu inafika mpaka kwa mama anayeuza chai na vitumbua hapo nje, kwa hiyo narenda huku nakunywa chai na naona kila kitu. Msiifungulie njia ya kutoka nje kwenye intaneti. Hakuna sababu ya mtu wa mbali kujua kompyuta yako ina diski gani.

Kuna pia kisanduku kidogo kinachoelea juu ya kioo. Unachagua vihisi unavyovitaka, unabofya kulia, unavipeleka huko. Au unaweka namba moja tu pale chini kulia karibu na saa. Kisanduku sikipendi, kinaingia kwenye picha ninayoihariri. Namba ya karibu na saa nimeiacha.

Sasa hili la laptopu ndilo wengi wangepaswa kulijua. Nilikwenda Arusha kumtafutia mdogo wangu laptopu ya chuo, zile zilizotumika. Flashi yangu ilikuwa na programu hii ndani. Muuzaji, kijana mchangamfu, alikuwa anasifia betri: "Dada, hii unakaa nayo saa nne bila chaji." Nikamwomba niichomeke flashi. LibreHardwareMonitor inasoma betri pia: uwezo iliyotoka nao kiwandani, uwezo inaobeba leo ikijaa, na asilimia iliyochakaa. Iliyotoka nao ilikuwa milliwati-saa 46,500. Inaobeba leo, 19,200. Imechakaa asilimia 58 na kitu. Nikamgeuzia kioo. Hakubisha, alicheka, akasema labda saa mbili. Kisha nikashuka kwenye tawi la diski. Kwa SSD nyingi (zile diski zisizozunguka) inaonyesha asilimia ya uhai uliobaki na jumla ya data iliyowahi kuandikwa. Hiyo ilikuwa na afya. Tukakubaliana apunguze bei kwa elfu sitini, na mdogo wangu atanunua betri mpya akifika.

Wauzaji wengi hawadanganyi, nao hawajui tu. Mzigo umekuja kwa katoni, wamewasha, umewaka, umeingia kabatini. Ukiwaonyesha namba mnazungumza vizuri zaidi kuliko ukianza kwa kushuku. Ila omba ruhusa kabla ya kuchomeka flashi yako kwenye mashine ya mtu.

Upande wa mtandao unaonyesha kasi ya kupakua na kupakia, na data iliyopita tangu mashine iwashwe. Kwa sisi wa bando inasaidia kujua kweli limeliwa. Nani kalila, haikuambii. Kwa hilo rudi Windows kwenye matumizi ya data ya kila programu, mara nyingi utakuta ni masasisho.

Tuje kwenye kasoro, na ninaanza na iliyo kubwa. Mwaka 2025 Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, ilianza kuipigia kelele. Watu wengi waliogopa, wengine wakazima Defender kabisa ili waendelee, jambo ambalo ni kufungua mlango mkuu kwa sababu dirisha limebana. Ukweli ni huu. Ili isome joto ndani ya prosesa, programu ya aina hii inahitaji draiva inayozungumza na vifaa kwa kina sana. Iliyokuwa inatumika, WinRing0, ina tundu la usalama lililosajiliwa tangu mwaka 2020. Draiva hiyo si kirusi, lakini kirusi kikiikuta kinaweza kupita humo. Kwa hiyo Defender haikuwa inazusha, na programu nyingine kadhaa za kusoma vihisi na kuwasha taa za kompyuta zilikumbwa vilevile. Matoleo mapya ya LibreHardwareMonitor yamehamia kwenye draiva nyingine inayoitwa PawnIO. Tatizo letu ni kwamba mafundi wanapeana nakala za zamani kwa flashi. Ichukueni mpya kutoka ukurasa wa mradi wenyewe kule GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao. Ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), leseni yake ni ya Mozilla, imetokana na Open Hardware Monitor aliyoianzisha Michael Möller. Hakuna anayestahili kukuuzia.

Kasoro ya pili: haisomi feni za kila mashine. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini za chapa kubwa, feni zinaendeshwa na chipu ambayo mtengenezaji hakuiweka wazi, na tawi la ubao mama linabaki tupu. Sanduku langu ni mojawapo. Feni ya kadi ya grafiksi naiona, ya prosesa siioni, naweka kiganja nyuma nisikie upepo.

Kwenye mashine za kuunga, zile zilizoundwa kipande kwa kipande, ni kinyume chake: vihisi vinakuwa vingi mno. Jirani yangu wa steshenari ana moja iliyoandika joto namba 1 mpaka namba 6, bila kusema ni la nini, na moja kati ya hayo ilisema digrii 127 asubuhi na mapema kabla mashine haijapata moto. Hicho ni kihisi ambacho hakijaunganishwa popote, kinasoma upuuzi. Unabofya kulia, unakificha. Lakini programu haikuelezi hilo wala kitu kingine chochote, na lugha yake ni Kiingereza tu. Mama wa watu alikuwa ananipigia simu: "Mdogo wangu, imefika sitini, nizime?" Sitini kwa prosesa inayofanya kazi ni kawaida kabisa, hata sabini. Mwishowe niliitoa kwenye mashine yake. Anachapa barua na kujazia wanafunzi fomu za mkopo. Task Manager inamtosha, na feni akizipuliza vumbi kila baada ya miezi michache atakuwa salama.

Mwenye kiu ya namba zaidi atumie HWiNFO. Ina vihisi vingi kuliko hii, na maelezo marefu. Kwa matumizi binafsi ni bure, kwa biashara ina leseni yake ya kulipia, na mimi hii ni biashara. HWMonitor ya wale waliotengeneza CPU-Z (programu ya kutambua prosesa) nayo ina safu ya chini na ya juu kama hii, ni rahisi kutumia, ila si programu huria.

Kinachonikera hasa ni kwamba LibreHardwareMonitor haina kengele. Inaona joto linapanda, inaliandika, inanyamaza. HWiNFO unaweza kuiambia ilie ikifika digrii fulani, hii hapana. Kwa mtu anayelala mashine ikiwa kazini, hilo ni pengo. Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo asilimia moja inazima ule mwendo wa ziada ambao prosesa hujiongezea juu ya kasi yake ya kawaida, na ndio unaokula umeme na kutoa joto kuliko faida yake. Januari na Februari, Moshi inapokuwa haina hata upepo wa jioni, naiacha hivyo. Video ya saa moja inachelewa dakika chache, na kwenye safu ya asubuhi zinabaki digrii 30 na zaidi.